Kwamsisi na Mtihani wa Darasa la Saba

Msafiri atokaye Dar es Salaam akifika Segera huikuta njia panda: kulia ni Tanga, kushoto ni Korogwe na safari ya Moshi. Wengi huijua Korogwe kwa mkonge wake na kwa mto Pangani. Wachache hukumbuka kwamba mapema katika miaka ya 1970, kutoka chuo cha ualimu cha mji huo, lilianzishwa jaribio ambalo kwa muda liliwafanya wataalamu wa elimu wa nchi nyingine walijue jina la kijiji kimoja cha Handeni. Kijiji hicho ni Kwamsisi.

Ili tuelewe yaliyotafutwa huko, yatupasa turudi mwaka 1967. Azimio la Arusha lilitangazwa mwezi Februari. Mwezi Machi Mwalimu Nyerere akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Katika waraka huo alieleza kwamba ni asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi ambao wangepata nafasi katika sekondari, na kwa hiyo haikuwa haki kuwafundisha wote kana kwamba wote walikuwa wakiandaliwa kwa safari ya wachache. Shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika, inayomwandaa mtoto kwa maisha atakayoishi. Mtihani nao ushushwe kutoka katika kiti cha enzi.

Hayo yalikuwa maneno ya waraka, na waraka haushiki chaki. Nani angemwonyesha mwalimu wa darasa la tatu namna ya kuyatenda? Hapo ndipo walipoingia wakufunzi wa Korogwe, wakisaidiwa na mpango uliojulikana kwa kifupi kama MTUU, uliowaunganisha serikali ya Tanzania, UNICEF na UNESCO. Walichagua kijiji cha ujamaa cha Kwamsisi, wakajaribu kuijenga upya shule ya msingi kwa kuanzia kijijini badala ya kuanzia kitabuni. Matatizo ya kijiji yawe ndiyo somo. Masomo yasitengwe kama vyumba vya gereza. Wazee na mafundi wa kijiji nao wawe walimu. Na shamba, ngoma na mikutano viwe sehemu ya darasa. Shule ya namna hiyo iliitwa shule ya jumuiya.

Ni fikira nzuri, na sikusudii kuibeza. Lakini yafaa tukumbuke kuwa haikuwa mara ya kwanza mtoto wa mwananchi kuambiwa kwamba elimu imfaayo ni ile ya kwao. Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ilihubiri elimu iliyolinganishwa na mazingira ya Mwafrika. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920, Mwingereza aitwaye Mumford aliendesha shule huko Malangali, Iringa, akataka iwe na sura ya maisha ya wenyeji: mavazi yao, ngoma zao, wazee wao. Wakati huohuo kila mtu aliona kwamba karani, mkalimani na tabibu msaidizi walitoka katika shule zenye kalamu na Kiingereza. Aliyetawala alimsifia mtawaliwa jembe, huku mwenyewe akiwa ameshika kalamu. Nyerere hakuwa Mumford, na nia zao zilikuwa mbali kama mashariki na magharibi. Hata hivyo mzazi aliyekwisha kuusikia wimbo ule hawezi kulaumiwa akiuliza nani anauimba safari hii, na kwa faida ya nani.

Swali la mzazi lilikuwa jepesi na zito: je, mwanangu atachaguliwa? Kwa maana mtihani wa darasa la saba ulikuwa uleule kwa shule zote. Kijiji kilipewa ruhusa ya kuamua mtoto ajifunze nini, lakini hakikupewa neno lolote juu ya kile atakachoulizwa siku ya mwisho. Mwalimu wa Kwamsisi alitakiwa kuwahudumia mabwana wawili, na mmoja wao ndiye aliyekuwa na ufunguo wa sekondari.

Mimi nilikulia mkoani Tanga, nikamaliza darasa la saba katika miaka ya 1980. Siku majina yalipobandikwa ofisini kwa mwalimu mkuu, hatukuulizana nani kafaulu. Tuliulizana nani kachaguliwa. Tazameni hekima ya lugha yetu. Kufaulu ni tendo la mtoto, na kuchaguliwa ni tendo la mtu mwingine. Wengi tulifaulu, na wawili walichaguliwa. Sisi tuliobaki tulikuwa na mikono iliyokomaa kwa shamba la shule, wala hakuna kijiji kilichotungoja kwa kazi yenye heshima. Kiingereza nilikuja kujifunza baadaye, kwa kamusi iliyopotewa na jalada.

Kisha likaja wimbi kubwa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza watoto wote wenye umri wa kwenda shule wawe darasani ifikapo mwaka 1977. Wanafunzi wa shule za msingi, ambao mwaka 1974 walikuwa takriban milioni 1.2, walikaribia milioni 3 kabla muongo ule haujakwisha. Ni sifa kubwa kwa taifa maskini. Ila walimu walitafutwa kwa haraka, wengi wao vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa kazini, wakisaidiwa na redio na masomo ya posta. Utaratibu wa Kwamsisi ulihitaji mwalimu mwenye muda, anayekijua kijiji na anayethubutu kukiacha kitabu. Ungempata wapi mwalimu huyo kwa kila shule nchini?

Uongozi nao ulivutwa huku na huko. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa kwa jina la madaraka mikoani. Katika miaka ya 1980 zikarudishwa. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973, ikarejea katika miaka ya 1980, ikafutwa tena mwanzoni mwa karne hii. Mpango wa MMEM, ulioanza mwaka 2002, ulizipa kamati za shule fedha na sauti katika majengo na ununuzi wa vitabu. Kamati ikaweza kuhesabu matofali. Mtihani ukabaki mbali nayo.

Basi neno zuri la kujitegemea likapatwa na msiba. Kwetu wanafunzi lilikuwa jina la kipindi cha kulima, na mara nyingine jina la adhabu. Sijui msiba mkubwa kuliko huu kwa neno: kutamkwa kila siku na wasioamini, mbele ya wasioelewa.

Husemwa kwamba majaribio kama Kwamsisi yalikwama kwa sababu wazazi walikuwa na mawazo ya zamani. Mimi naona wazazi walisoma vizuri kuliko wataalamu. Waliusoma mtihani, wakaona serikali yenyewe inaamini nini, kwa kuwa imani ya dola juu ya elimu haimo katika waraka wake. Imo katika kile inachokipima na kukilipa.

Leo tuna sera ya mwaka 2014 katika toleo lake la 2023, na mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024, yenye mkondo wa amali kando ya mkondo wa jumla. Tunasikia tena kwamba mikono ina heshima sawa na kalamu. Inshallah iwe hivyo. Lakini tusiwaulize waandishi wa mitaala. Twende Kwamsisi tumuulize mzazi ni mtoto wake yupi anampeleka mkondo upi, na kwa nini. Jibu lake litatuambia kama mlango umefunguliwa, au umepakwa rangi tu.