Kivinjari kipya cha intaneti: mambo ya kuchunguza mbele ya kukiamini

Kivinjari, kile ambacho watu wengi wanaita "navigatere", ni programu inayofungua kurasa za intaneti kwenye simu ao kompyuta. Chrome, Firefox, Opera na Safari ni vivinjari. Habari zile mutu anasoma, picha anazotuma, maneno ya siri anayoandika: vyote vinapita humo. Ndiyo maana kujaribu kivinjari kipya si sawa na kujaribu muchezo mupya wa simu. Chrome yenyewe, ambayo leo iko kwenye simu nyingi za Android, iko na mafundisho juu ya jambo hilo tangu siku zake za kwanza.

Chrome ilianza namna gani?

Mwaka 2008, watu wengi duniani walikuwa wanatumia Internet Explorer ya Microsoft, juu ilikuwa inakuja pamoja na Windows. Firefox ilikuwa inaifuata. Firefox 3 ilipotoka tarehe 17 Juni 2008, ilipakuliwa zaidi ya mara milioni 8 kwa siku moja.

Tarehe 2 Septemba 2008, kampuni ya Google ya Marekani ikatoa Chrome katika luga 43. Lilikuwa toleo la majaribio, kwa kompyuta za Windows XP na Vista peke yake. Wale walioijaribu waliona mambo matatu mapya:

- Kila ukurasa ulikuwa unatumika kivyake. Mumoja ukikwama, zingine zinaendelea. Lakini njia hiyo inakula kumbukumbu ya kompyuta zaidi.
- Kisanduku kimoja tu cha kuandika anwani na cha kutafuta. Ni rahisi, lakini maneno yanaanza kwenda kwa Google hata mutu hajamaliza kuandika, ili mapendekezo yatokee.
- Namna ya kufungua kurasa bila historia kubaki kwenye mashine. Kampuni inayouzisha mega, ao mwenye mutandao wa kazini, bado anaweza kujua mutu ametembelea wapi.

Sharti lililoleta kelele

Kabla ya kuingiza Chrome, mutu alipaswa kukubali masharti. Wengi walibonyeza tu "nakubali". Wachache walisoma, na kwenye sehemu ya 11 wakakuta maneno mazito: kila kitu mutu anachotuma ao kuonyesha kupitia kivinjari, Google inapata ruhusa ya kukitumia, kukigeuza na kukitangaza, bila malipo na bila mwisho.

Kelele ikapanda mara moja. Google ikaeleza kwamba maneno hayo yalichukuliwa kutoka masharti ya huduma zake zingine. Haikupita muda ikayaondoa, na mabadiliko yakahusu pia wale waliokuwa wamekwisha kukubali. Katika siku hizo hizo wachunguzi wa usalama wakaonyesha matundu katika programu, na Google ikatoa toleo la kuyaziba.

Kampuni kubwa, yenye wafundi wengi, ilitoa kitu kizuri chenye makosa. Yalionekana haraka kwa sababu kuna watu waliosoma na kuchunguza mbele ya kuamini.

Mwenye simu afanye nini leo?

Kivinjari kipya kinaweza kufaa kweli. Opera Mini, kwa mufano, iko na namna ya kupunguza uzito wa kurasa ili mega zisiishe haraka. Lakini wakati imewekwa kwenye upunguzaji mukubwa zaidi, kurasa zinapita kwanza kwenye mashine za kampuni, ambazo zinazifungua na kuzipunguza. Kwa kusoma matokeo ya mupira, hakuna shida. Kwa pesa ao kwa ushuhuda wa mutu anayetafuta kuficha jina lake, heri njia ingine.

Mbele ya kukiamini, mambo haya yanasaidia:

- Kukipakua kwenye duka la programu la simu yenyewe. Faili inayopitishwa kwa WhatsApp ao Bluetooth inaweza kuwa imegeuzwa njiani.
- Kuangalia ruhusa zinazoombwa. Kufungua kurasa hakuhitaji kusoma mesaji. Mwenye kusoma mesaji anaona pia kodi zinazotumwa ili kuingia kwenye akaunti.
- Kuanza na kurasa za kawaida kwa siku kadhaa, bila akaunti ya pesa.
- Kukataa kwanza pale kinapoomba kuhamisha maneno ya siri kutoka kivinjari cha zamani.
- Kufungua kurasa zile zile katika vyote viwili, kisha kulinganisha mega zilizotumiwa. Hesabu iko kwenye mipangilio ya simu.
- Kuacha kile cha zamani kwenye simu mpaka kipya kionyeshe uwezo wake.

Kwa simu ya familia nzima, ao kompyuta ya siberi, kuna jambo moja zaidi: kutoka kwenye akaunti mbele ya kuachia mwingine nafasi, na kukataa kivinjari kikiuliza kama kihifadhi neno la siri.

Chrome yenyewe ilibaki toleo la majaribio mpaka tarehe 11 Desemba 2008. Wenye Mac na Linux walingoja toleo lao la majaribio mpaka Desemba 2009, na wenye simu za Android mpaka Februari 2012. Waliongoja hawakukosa kitu kikubwa: walipata programu ambayo wengine walikuwa wamekwisha kuichunguza.