Kitabu cha babu na benki iliyofungwa mara mbili

1/ Leo historia yetu inaanzia chumba cha vidonda. Kaa vizuri, uzi ni mrefu kidogo.

Kuna babu ninambadilishia bandeji mguuni. Ana sukari. Amenipa ruhusa nisimulie, jina lake naliacha. Kidonda kilimzidi kwa sababu alikaa wiki tatu bila dawa. Hela ya dawa ilikuwa kwenye godoro, wezi wakaingia, wakaondoka nayo yote.

Nikamwambia, "Babu, kwa nini usiweke benki?" Akacheka. "Mwanangu, benki niliijua kabla mama yako hajazaliwa. Ilinifungia mlango mara mbili."

2/ Wiki iliyofuata akaja na kitabu cha akiba, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Ujana wake alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, mkoa wa Tanga. Mji wenyewe mdogo: stesheni, soko, maduka machache na benki moja ya Waingereza. Alikuwa na shilingi 420. Kwa kibarua wa wakati ule, hiyo si hela ndogo.

Asubuhi moja mwaka 1967 akakuta mlango umefungwa na askari yuko nje. Ulipofunguliwa tena, meneja Mzungu hayupo na jina la benki si lile. Babu akajua hela imeondoka na Mzungu.

3/ Sasa tuangalie kilichotokea. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, siku ya Jumapili. Kesho yake Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba benki binafsi zinataifishwa. Zilikuwemo Standard, Barclays, National and Grindlays, Bank of India, Bank of Baroda na nyingine. Mwezi huo huo Bunge likapitisha sheria ya kuanzisha Benki ya Taifa ya Biashara, yaani NBC. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Amon Nsekela. Benki Kuu yenyewe ilikuwa changa, ilifungua milango Juni 1966 tu, na gavana wake alikuwa Edwin Mtei.

Wageni wengi waliokuwa wakiongoza matawi waliondoka. Makarani Watanzania ndio waliobaki na funguo na vitabu vya hesabu.

4/ Hapa ndipo pa kushika. Jina lenyewe la sheria ile linataja kuhamisha MALI na MADENI. Mali ni majengo, sefu, na mikopo ambayo watu wanadaiwa. Madeni ni nini? Ni akiba yako wewe! Ukiweka hela benki, benki inadaiwa na wewe. Kwa hiyo shilingi 420 za babu hazikupanda meli kwenda London. Zilihamia NBC kama deni, na NBC ilitakiwa kumlipa akienda kudai.

Hakwenda. Hakuna aliyemkalisha chini akamweleza.

5/ Mara ya pili ni miaka ya 1990. NBC ilikuwa imelemewa na mikopo isiyolipwa, mingi ya mashirika ya umma na vyama vya ushirika. Sheria ya mwaka 1991 ikaruhusu tena benki binafsi. NBC ikapunguza wafanyakazi na kufunga matawi yaliyokuwa yanaleta hasara. Mji wa babu ukakosa benki.

Mwaka 1997 NBC ikagawanywa. NBC (1997) ikaendelea na biashara, NMB ikapewa matawi mengi ya wilayani, na kampuni ya tatu ikabeba mali zilizobaki. Walimu na sisi manesi wa vijijini tunaikumbuka NMB ya mwanzo: foleni ya mshahara hadi barabarani. Na safari hii pia akaunti za wateja zilirithiwa.

6/ Nikamwambia, "Babu, hela yako haikuibwa." Akaniuliza swali lililonifunga mdomo: "Basi ingeninunulia nini?"

Nikapiga hesabu. Mwaka 1967 dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14, kwa hiyo 420 ni karibu dola 59. Mwaka 1997 dola moja ilipita shilingi 600. Zile 420 hazifiki hata dola moja! Riba ilikuwepo, lakini haikuweza kukimbizana na mporomoko huo. Deni lilitunzwa, thamani ikayeyuka. Babu hakukosea kusema ameumia. Alikosea kumtaja aliyemuumiza.

7/ Na si kila benki inayofungwa inapata mrithi. Mwaka 1995 Meridien Biao ilipoanguka, Benki Kuu iliishika tawi la Tanzania, likauzwa na kufunguliwa kama Stanbic. Wateja wakavuka. Lakini tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano ndogo kwa siku moja, zikiwemo za Njombe, Meru na Kagera. Hizo hazikufunguliwa. Bodi ya Bima ya Amana ililipa kila mteja akiba yake, mwisho shilingi 1,500,000. Aliyekuwa na zaidi ilibidi asubiri mali za benki ziuzwe.

Kwa hiyo ukisikia benki imefungwa, usitazame mlango wala bango. Uliza: nani amebeba madeni yake? Kikomo cha bima ni kiasi gani? Maana hela iliyoko kwenye godoro au kibubu haina mrithi wala bima.

8/ Nyumbani kwenu kuna kitabu cha zamani cha benki? Usikichome. Muulize mzee akusimulie akiwa bado yupo.

Babu hajakubali kufungua akaunti. Anasema atafikiri. Mjukuu wake amekubali kumtunzia hela ya dawa kwenye simu, na hiyo kwangu ni hatua. Jumatatu anarudi kubadilisha bandeji. Nitamuuliza tena.