Majimbi na maji ya rangi

Naam, leo tuzungumze kanga. Si yale maneno ya chini ambayo kila mtalii akifika Darajani anataka atafsiriwe, hapana. Nazungumzia rangi. Kanga nyekundu ilipotiwa rangi kiwandani ikasuuzwa, kuna maji yaliyobaki mekundu. Yalikwenda wapi?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa rahisi: Unguja haikuyaona. Mwaka 1833 Sayyid Said aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani, na majahazi ya Salem, Massachusetts, yakazidi kushusha marobota ya pamba tuliyoiita merikani. Merikani ilikuja bila rangi. Kaniki, ile ya buluu iliyokolea mpaka ikaonekana nyeusi, ilitoka India, na maji ya nili yakabaki hukohuko. Kanga zilipopamba moto mwishoni mwa karne ya 19, zilipigwa chapa India, Uingereza na Uholanzi, baadaye na Japani. Sisi tulipata nguo, wenzetu wakabaki na mto mchafu. Wanahistoria wetu wanapenda kuhesabu marobota, maji hawayahesabu.

Na rangi yenyewe ilikuwa inabadilika. Mwaka 1856 kijana wa London, William Perkin, alitengeneza rangi ya zambarau kwa kemikali. Mwaka 1897 Wajerumani wa BASF wakaanza kuuza nili ya kiwandani. Rangi nyingi zilizofuata hazichuji ovyo kwa jua wala sabuni, jambo zuri kwa mvaaji. Lakini rangi ngumu kwenye nguo ni ngumu mtoni pia. Inazuia mwanga kufika chini, na haiozi upesi.

Halafu viwanda vikaja nyumbani. Mwaka 1968 Urafiki ilifunguliwa Ubungo, Dar es Salaam, kwa msaada wa Wachina. Tulishangilia, na tulikuwa na haki: kanga na vitenge vyetu wenyewe! Maji yake nayo yakawa yetu, yakishukia bonde la Msimbazi. Hapa Unguja tulipata kiwanda cha nguo Chumbuni, kikafa, kikaja kufufuliwa kwa jina la Basra. Ongeza na akina mama wanaotia batiki kwenye mabeseni ya uani ili Mji Mkongwe upate cha kuwauzia wageni. Beseni moja si kitu. Mabeseni ya mtaa mzima, kila siku, ni habari nyingine.

Kwa nini Unguja khasa iogope? Kwa sababu kisiwa hiki sehemu kubwa kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, lenye matundu kama sifongo. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, anakumbukwa kwa kuleta mjini maji ya bomba kutoka chemchemi za nje ya mji, na mpaka leo tunakunywa yanayotoka chini ya ardhi. Ukimwaga kitu juu ya jiwe hilo usidhani umekitupa. Kitakachokosa kushuka kisimani kitakwenda baharini.

Sasa majimbi yanaingiaje? (Watu wa bara wanasema magimbi, tusigombane.) Miaka ya 1950 Mjerumani mmoja, Käthe Seidel, alianza kuonyesha kwamba mimea ya bwawani inaweza kusafisha maji machafu. Wenzake wengi hawakumwamini. Wazo lilizunguka dunia, na mwishoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na watafiti wake wa mabwawa na vitanda vya matete. Mwaka 2005 mtafiti wa Dar es Salaam, Stephen Mbuligwe, alichapisha kwenye jarida la Water Research majaribio ya maji yenye rangi nyingi. Vitanda vingine alivipanda majimbi, vingine mmea wa bwawani unaofanana na matete, vingine akaviacha vitupu. Vilivyopandwa viliondoa zaidi ya asilimia 70 ya rangi. Vitupu viliachwa mbali sana. Na majimbi, chakula cha bibi zetu, yalishinda!

Si uchawi. Maji yanapita polepole kwenye kokoto. Penye upungufu wa hewa bakteria wanaivunja rangi; karibu na mizizi, ambako mmea unashusha hewa, wengine wanamalizia vipande vilivyobaki. Hiyo hatua ya pili ni muhimu, maana baadhi ya vipande hivyo ni sumu kuliko rangi yenyewe. Maji yanaweza kuonekana meupe na bado hayafai.

Mfano wa karibu tunao. Kisiwa cha Chumbe, hapo ng'ambo ya maji, tangu miaka ya 1990 kinapitisha maji ya kuogea na ya jikoni kwenye vitanda vya mimea ili yasiguse matumbawe. Hayo ni maji ya sabuni, mepesi kuliko ya kiwandani, lakini kanuni ni ileile.

Atakayejaribu Unguja lazima azibe chini ya kitanda kwa saruji au plastiki nzito, la sivyo jiwe litakunywa yote. Eneo linahitajika kubwa, na mjini ardhi ni ghali. Chumvi ya kutilia rangi haiondoki kwa mimea. Shaba na kromiamu hazivunjiki. Zinabaki kwenye kokoto na kwenye mizizi. Kwa hiyo majimbi ya kitanda hicho, hata yakinawiri namna gani, yasifike sokoni Darajani, wala yasipikwe na nazi.