Kwizi Tatu, Bamvua Tatu

Najua nimepotea wiki tatu nzima, na kuna walionitumia meseji wakidhani bumu limekata na laptopu imeuzwa. Hapana jamani, bado ipo. Kilichoniweka kimya ni insha ya historia ya elimu, tuliambiwa tujadili Azimio la Musoma la 1974 na upimaji wa wanafunzi. Nimeandika kurasa nane za Kiingereza cha kuvaa tai, nimekusanya jana. Lakini nilichotaka hasa kusema hakikuingia, maana mhadhiri wetu hapendi habari za "mimi nilipokuwa TP". Basi nakuja kukisema hapa kwenu, nimekaa kwenye kimbweta, mbu wananifaidi.

Wengi wenu mnakumbuka majina ya TP yalipobandikwa. Wenzangu Kibaha, wenzangu Bagamoyo, mimi Mafia. Mlinicheka sana. Gari kutoka Mbagala mpaka Nyamisati, halafu kivuko mpaka Kilindoni, na njiani nilitapika vitu ambavyo sikumbuki kuvila. Nikapewa Hisabati Kidato cha Tatu, na mada niliyoikuta mezani ni takwimu. Ndo hapo muhtasari wa 2005 ulipoiweka, Kidato cha Tatu, baada ya fankisheni. Shule siitaji, mtaelewa kwa nini mkifika mbele.

Ngoja kwanza niwape historia, maana bila hiyo hadithi ya kwizi zangu haina uzito.

Zamani za mkoloni, na hata miaka ya mwanzo ya uhuru, mtoto wa sekondari wa Tanganyika alifanya mtihani wa Cambridge. Karatasi zinatoka Uingereza, zinarudi Uingereza kusahihishwa. Miaka minne ya daftari, homuweki na viboko, halafu mtu ambaye hajawahi kukuona anakuhukumu kwa wiki mbili. Baadaye nchi zetu tatu zikawa na Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ikajitoa 1971, na 1973 Bunge likapitisha sheria ya kuunda Baraza letu wenyewe la Mitihani, hili hili linalotunyima usingizi mpaka leo.

Lakini kubadilisha mwenye karatasi si kubadilisha karatasi. Mwalimu Nyerere alikwishalisema hilo Machi 1967 kwenye Elimu ya Kujitegemea. Alilalamika kwamba mitihani inapima uwezo wa kukariri na kuyatoa yaliyokaririwa siku ya mtihani, haipimi mtu anavyofikiri, wala tabia yake, wala utayari wake wa kutumikia wenzake. Novemba 1974 TANU wakakaa Musoma. Wengi tunalikumbuka Azimio lile kwa mambo mawili, elimu ya msingi kwa wote na ile ya kwenda kazini kwanza kabla ya chuo kikuu. La tatu huwa tunalisahau, nalo ndilo lililonifikisha mimi kwenye matatizo: mtihani wa mwisho usiwe hakimu peke yake. Kuanzia 1976 alama za maendeleo, yaani kazi za darasani, majaribio, kazi za mikono na hata mwenendo wa mwanafunzi, zikabeba nusu ya matokeo ya Kidato cha Nne.

Nusu! Hebu fikiria. Kwizi ya dakika 20 ya mwalimu wa kijijini ikapata sauti pale pale kwenye cheti cha taifa. Mimi binafsi naona hilo ni moja ya mawazo ya kiungwana kabisa yaliyowahi kupita kwenye elimu yetu. Mtoto asihukumiwe kwa siku moja. Akiugua malaria siku ya mtihani, kuna miaka mizima inayomtetea.

Sasa mnajua kilichofuata, maana wote tumepita humo. Fomu ya alama za maendeleo ikawa fomu. Ikifika muda wa kutumwa inajazwa, iwe kwizi zilifanyika au hazikufanyika. Halafu likaja lile balaa la matokeo ya Kidato cha Nne 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa sifuri. Serikali ikaunda tume, Mei ikayafuta matokeo na kuagiza yapangwe upya. Mwisho wa mwaka ule ule Wizara ikatangaza utaratibu mpya: mtihani wa mwisho 60, maendeleo 40. Na hizo 40 zenyewe zikagawanywa, mtihani wa Kidato cha Pili 15, Kidato cha Tatu 10, moko 10, kazi mradi 5. Ikaja GPA, Januari 2016 ikafutwa, divisheni zikarudi. Kaazi kweli kweli. Kwizi yangu ya Alhamisi kwenye mahesabu hayo imebaki kama chumvi kwenye bahari, ila fomu bado inataka namba.

Haya, turudi Mafia.

Darasa langu lilikuwa na wanafunzi 38. Kitabu kilichokuwepo kilikuwa na mifano ya ajabu, mauzo ya magari na alama za watoto ambao hatuwajui. Nikaona hapana. Homuweki ya kwanza nikawapa sensa ya wilaya yao wenyewe: 2002 watu 40,801, 2012 watu 46,438, 2022 watu 66,180. Chora grafu, tafuta ongezeko kwa asilimia. Wakarudi na asilimia 13.8 kwa miaka kumi ya kwanza na 42.5 kwa kumi ya pili. Nikawaambia walinganishe na nchi nzima, iliyotoka watu milioni 44.9 mwaka 2012 ikafika milioni 61.7 mwaka 2022, asilimia kama 37. Kisiwa kilichokuwa kinaongezeka kwa kujivuta kikaipita nchi. Kwa nini? Pale darasa likawaka. Mmoja akasema wageni wa dagaa wameongezeka. Mwingine akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: wavuvi walioko dago, wamepiga kambi visiwani miezi miwili, wanahesabiwa wapi? Nikamwambia sensa inakuhesabu pale ulipolala usiku ule. Akasema, "Basi mwalimu, wakihesabu siku ya upepo mbaya Mafia inakuwa kubwa." Teh teh teh. Sijawahi kusikia maelezo bora zaidi ya hayo kuhusu data kutegemea siku.

Yaani nilijua hawa watoto wana akili. Ndo maana kwizi zikanichanganya.

Ratiba yangu nilikuwa nimeipanga kisomi kabisa. TP ni wiki nane, kwa hiyo kwizi kila baada ya wiki mbili, Alhamisi, kipindi cha saa nne asubuhi. Jumatatu marudio, Jumanne homuweki ya maandalizi, Jumatano tunasahihisha pamoja, Alhamisi karatasi. Kwizi ya kwanza wakaja 23. Ya pili 24. Ya tatu 21. Siku nyingine za kawaida wanakuja 34, 36. Nikajua tu, hawa wanaogopa hesabu. Hata kwenye ripoti ya TP niliandika maneno "woga wa somo". Nimeyafuta baadaye.

Kulikuwa na binti mmoja anakaa dirishani. Homuweki zake zilikuwa safi kuliko za wote, namba ya katikati anaipata kabla sijamaliza kuandika swali ubaoni. Kwizi zote tatu hakuwepo. Nikamwita.

"Mbona Alhamisi hukuja?"

"Maji yalikuwa yamekupwa, mwalimu."

"Sasa maji na kwizi vinahusiana nini?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyevaa kanzu ya kulalia akaenda nayo sokoni. Hakunijibu. Akasema tu, "Samahani mwalimu."

Jibu nililipata wiki ya sita, na sikulipata kwa akili yangu. Nilitaka data halisi kwa ajili ya histogramu, nikachukua rejista ya darasa. Homuweki: chora mahudhurio ya kila siku kwa wiki sita. Kesho yake wakaleta. Grafu inapanda inashuka, inapanda inashuka, mabonde matatu yamepangana kama meno. Kijana mmoja wa nyuma akaicheka kazi yake mwenyewe. "Mwalimu, hii si rejista, hii kalenda ya bamvua."

Kwa wale wa bara wenzangu: bamvua ni zile siku maji yanapojaa sana na kupwa sana, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katikati yake ni maji mafu, bahari haiendi mbali. Siku za bamvua pwani hii maji yanakupwa kabisa kwenye saa nne, saa tano asubuhi, mwamba unabaki wazi, na wanawake na wasichana wanateremka kuchokoa pweza. Si mchezo. Ada ya shule iliondolewa toka 2016, ila daftari, sare, mafuta ya taa na mchele havikuondolewa. Pweza wanaleta pesa siku hiyo hiyo.

Sasa fanyeni hesabu. Kutoka bamvua moja hadi nyingine ni siku 14 na robo tatu hivi. Kwizi zangu zilikuwa kila baada ya siku 14. Kwizi ya kwanza ilipoangukia bamvua, za pili na tatu zikaifuata, zinapishana kwa siku moja hivi tu. Kama ningezipanga kila wiki, nusu ya kwizi zingeangukia maji mafu. Kama ningezipanga kila baada ya wiki tatu, zingepishana vizuri. Katika ratiba zote duniani nilichagua ile moja inayomkosa binti yule kila mara. Na nilikuwa nafundisha takwimu!

Usiku huo nikafungua kamusi, sijui hata nilikuwa natafuta nini. Takwimu. Neno letu hili la Kiarabu, kwenye kamusi za zamani maana yake ni kalenda. Hesabu ya siku. Na watu wa pwani walikuwa na yao muda mrefu, mwaka wa siku 365 unaohesabiwa kumi kumi kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka, ile ambayo Makunduchi bado wanaisherehekea kwa Mwaka Kogwa. Kwa hesabu hiyo walijua lini upepo unageuka na lini wapande. Mimi nimekuja na kalenda ya ukutani yenye picha ya benki.

Nikaenda kwa mwalimu mwenyeji wa somo na kumweleza. Mtu mzima, mstaarabu, amechoka. Akaniambia, "Mwalimu, weka sifuri au weka wastani wa darasa, mradi nafasi zijae." Nikapiga zote mbili. Kwizi ya kwanza waliokuwepo 23 walipata wastani wa 11 kwa 20. Ukiwapa sifuri wale 15, wastani wa darasa unaporomoka hadi 6.7, na mkaguzi akija atasema watoto hawajui. Ukiwapa 11 kila mmoja, wastani unabaki 11 ile ile, hakuna anayeshtuka, na hakuna hata mmoja wa wale 15 aliyepimwa. Hapo ndo nilielewa jinsi lile wazo la 1974 linavyokufa. Haliuliwi na mtu mbaya. Linakufa kwa mtu mwenye kalamu na fomu yenye nafasi wazi.

Nilikuwa nimebakiwa na wiki mbili. Nikatunga kwizi tatu upya, nikazifanyisha kibarazani baada ya vipindi, siku za maji mafu, kwa wote waliokosa. Watoto wakaja, wengi wao. Binti wa dirishani alifanya ya kwanza akapata 17. Ya pili 18. Nikamwambia ya tatu Jumatatu. Jumatatu hakuja, Jumanne hakuja. Jumatano nikaambiwa mama yake amejifungua, na yeye ndiye mkubwa nyumbani. Ijumaa mimi nikapanda kivuko.

Nilijaza fomu yote mwenyewe kwa kalamu ya bluu. Nafasi yake ya tatu nikaiacha wazi, nikaandika pembeni kwa herufi ndogo kwamba hajafanya, apewe. Mwalimu mwenyeji akaipokea, akaitazama, akaikunja, akasema safari njema.

Mpaka leo sijui iliandikwa nini pale. Profesa ameniuliza kwenye insha kama Azimio la Musoma lilifanikiwa, na kuanzia ukurasa wa tano nimemjibu kwa takwimu za nchi nzima, ikiwemo ile ya 2022 kwamba waliofaulu Hisabati Kidato cha Nne walikuwa kama mmoja kati ya watano. Ila kila nikiandika neno "alama za maendeleo" naiona ile nafasi moja nyeupe kwenye fomu ya Mafia. Kama kuna mdau kapangiwa huko TP ijayo, anitafute. Nitampa jina la shule pembeni, na kalenda ya bamvua ninayo.