Shotokan: Dojo Iliyojengwa kwa Michango

Shotokan, dojo (ukumbi wa mazoezi) iliyoupa jina mmoja wa mitindo ya karate inayofuatwa zaidi duniani, Afrika Mashariki ikiwemo, ilijengwa Tokyo katikati ya miaka ya 1930 kwa michango ya wanafunzi na wapenzi wa karate. Mwalimu wao, Gichin Funakoshi, alikuwa anakaribia umri wa miaka 70, na kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa amefundisha katika kumbi za kuazima. Maadili ya dojo hiyo yalikomaa katika miaka hiyo ya uhitaji, kabla haijapata paa lake yenyewe.

Funakoshi alizaliwa mwaka 1868 huko Shuri, katika kisiwa cha Okinawa, akiwa mtoto mwenye afya dhaifu. Wakati huo karate ilifundishwa kwa siri. Alikwenda usiku, taa mkononi, hadi uani kwa Anko Azato, akarudia kata moja, yaani mfululizo uliopangwa wa mapigo na kinga, kwa miezi mingi huku mwalimu akimtazama kwa makini na kusema machache. Kata tatu tu za Tekki zilimchukua miaka ipatayo kumi. Mwalimu wake mwingine, Anko Itosu, ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuitoa karate katika usiri: mwanzoni mwa karne ya 20 aliiingiza katika shule za Okinawa, na mwaka 1908 akaandika barua yenye hoja kumi kueleza faida zake kwa vijana. Jambo hilo lina uzito mkubwa kuliko linaopewa kwa kawaida. Ujuzi uliokuwa wa watu wachache ukawa sehemu ya malezi ya watoto, na Funakoshi, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, akauchukua hivyo maisha yake yote.

Mwaka 1922 alitumwa Tokyo kuonyesha karate katika maonyesho ya michezo yaliyoandaliwa na Wizara ya Elimu. Alikusudia kurudi nyumbani mapema. Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, akamwalika aionyeshe mbele ya wanafunzi wake huko Kodokan. Mchoraji Kosugi Hoan naye akamwomba abaki awafundishe yeye na wenzake. Alibaki, mkewe akabaki Okinawa. Alipata chumba Meisei Juku, bweni la wanafunzi waliotoka Okinawa, na ili kulipia malazi akawa mlinzi, mfagizi na mtunza bustani wa hapo. Mchana alifagia vyumba, na ukumbi wa mihadhara ulipokuwa wazi aliugeuza dojo. Fedha zilipomwishia aliweka rehani kofia yake na kimono kilichofumwa Okinawa. Karani wa duka la rehani alimpa fedha nyingi kuliko alivyotarajia, na baadaye ikajulikana kwamba ndugu wa mtu huyo alikuwa mmoja wa wanafunzi wake.

Tetemeko kubwa la ardhi la Septemba 1923 liliua baadhi ya wanafunzi wake na kuharibu sehemu kubwa ya jiji. Hata hivyo, mwaka uliofuata klabu ya karate ilianzishwa Chuo Kikuu cha Keio, na vyuo vingine vikafuata. Ni katika mwaka huo wa 1924 Funakoshi alipotoa mikanda myeusi ya kwanza, akifuata utaratibu ambao Kano alikuwa ameuweka katika judo. Bweni lilipohitaji matengenezo, Hakudo Nakayama, bingwa wa upanga, alimwazima ukumbi wake kwa saa ambazo wanafunzi wake mwenyewe hawakuutumia. Ukarimu wa namna hiyo haukuwa jambo dogo.

Mwishowe wanafunzi waliunda kamati, wakachangisha fedha nchini kote, na dojo ikajengwa mtaa wa Zoshigaya. Kibao cha mlangoni kilibeba jina Shotokan, kutokana na Shoto, jina ambalo Funakoshi alilitumia kutia sahihi mashairi yake.

Kanuni 20 alizowaachia wanafunzi huanza na heshima: mazoezi hufunguliwa na kufungwa kwa kuinama. Inayofuata ndiyo iliyo moyo wa mafundisho yake, kwamba karateka, yaani mwanakarate, haanzi kushambulia. Kata nyingi za mtindo huu zinaifuata kwa vitendo, kwa kuwa hatua yake ya kwanza ni kujikinga. Funakoshi alihimiza pia unyenyekevu katika kazi za kawaida, na mtu aliyekuwa amefagia bweni hakuhitaji maneno mengi kulieleza hilo. Juu ya mapigano ya kushindana hakulegeza msimamo. Klabu moja ya chuo kikuu ilipoanza kupigana kwa vifaa vya kujikinga, alijitenga nayo.

Mwaka 1945 mabomu ya Marekani yaliiteketeza dojo, na mwaka huohuo mwanawe Yoshitaka, aliyekuwa mwalimu mkuu wa hapo, alifariki kwa ugonjwa. Wanafunzi waliorudi kutoka vitani waliunda Chama cha Karate cha Japani mwaka 1949, Funakoshi akiwa kiongozi wake wa heshima. Alifariki Aprili 1957. Oktoba mwaka huo chama hicho kilifanya mashindano yake ya kwanza ya taifa, jambo ambalo mwalimu asingeliafiki. Wanafunzi waliokataa mashindano walibaki katika kundi la Shotokai, ambalo mwaka 1968 lilisimamisha jiwe la kumbukumbu katika hekalu la Engaku-ji, Kamakura, likiwa limechongwa ile kanuni ya kutoanza kushambulia. Chama cha Karate cha Japani nacho kikapeleka walimu Ulaya, Amerika na Afrika, na pamoja na mashindano wakaeneza kanuni tano ambazo wanafunzi huzitamka kwa sauti wakiwa wamepiga magoti baada ya mazoezi: kujenga tabia njema, kushika ukweli, kujitahidi, kuheshimu wengine na kujizuia na ukali.