Siku Moja na Watoto Katika Mji wa Kale, Mombasa

Watoto wengi wa hapa Mombasa wanaijua Fort Jesus kwa nje tu. Siku ya Idi wamepigwa picha karibu na mizinga, wamekula aiskrimu, wakarudi nyumbani. Ndani huingia siku ya ziara ya shule, wamepangwa safu, mwalimu anawahimiza, baada ya muda mfupi wako nje. Mwanangu wa miaka 9 alikuwa mmoja wao mpaka likizo ya Agosti, nilipomchukua yeye, dadake wa miaka 13 na mpwa wangu wa miaka 5 tukashinda huko kutwa. Tangu hapo nimerudi mara mbili. Jamaa wamekuwa wakiniuliza vipi nilivyoipanga siku yenyewe, nikaona heri niandike mara moja.

La kwanza ni saa. Ngomeni hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, kila siku. Basi fika hiyo saa mbili, kwani kufikia saa tano jua limeshakuwa kali na kule juu ya kuta hakuna kivuli. Watoto wale kwanza. Mahamri na mbaazi za nazi hayakosekani Mji wa Kale asubuhi, na mtoto aliyeshiba husikiliza. Mlangoni, mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni wa kutoka nje, na mtoto kidogo zaidi, kwa hivyo beba kitambulisho. Malipo siku hizi ni kwa simu kupitia eCitizen. Hakikisha simu ina chaji na pesa zimo, usije ukasimama pale na noti mkononi na watoto wanakuvuta. Chukua maji na kofia, na viatu vya kufunga badala ya ndara, kwa sababu ngazi za mawe zimelainika kwa miguu ya watu wa miaka mingi.

Mimi huwa sianzi na makumbusho. Huanza juu, asubuhi kungali na upepo. Ngome ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Mwitalia, Giovanni Battista Cairati, naye aliichora kwa umbo la mtu aliyelala chali: kichwa kinatazama bahari, mikono na miguu imetanuliwa. Waambie watoto wamtafute huyo mtu. Mpwa wangu alitumia nusu saa akitafuta "mguu" na hakulalamika kuchoka hata mara moja. Lakini mshike mkono, maana sehemu nyingine za juu hazina kizuizi na chini ni mbali.

Kisha teremka kwenye makumbusho kukiwa kumeanza kuwaka. Humo mna vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanna, merikebu ya Wareno iliyozama hapo mbele ya Ngome mwaka 1697, wakati Waomani wameizingira. Mazingira hayo yalianza 1696 yakaisha Desemba 1698, karibu miaka mitatu, na wengi waliokuwamo ndani walimalizwa na maradhi na njaa kuliko risasi. Wapiga mbizi waliifikia merikebu hiyo miaka ya 1970. Watoto hupenda habari ya kuzama kuliko habari ya wafalme. Pia usipite bila kuwaonyesha michoro ya ukutani waliyoiacha askari na mabaharia wa Kireno, merikebu na watu. Mwanangu aliitazama, akasema, "Kumbe hata wao waliandika ukutani." Sikuwa na la kumjibu.

Siku ile tulikuwa tumechukua mtu wa kutuongoza, tukakubaliana bei kabla ya kuanza, jambo ambalo nakushauri ulifanye. Kijana alikuwa mchangamfu na anajua tarehe zote. Lakini kila alipofungua mdomo ni Wareno walijenga, Waomani waliteka, Waingereza wakachukua. Tulipokuwa tunatoka binti yangu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na sisi tulikuwa wapi?"

Hilo ndilo lililonifanya nirudi mara ya pili nimejitayarisha, na ndilo ninalotaka wazazi wenzangu waende nalo. Jibu lipo, ila halijabandikwa kwenye kila ukuta. Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331, zaidi ya miaka 260 kabla ya jiwe la kwanza la Ngome. Aliwakuta watu wa dini, wala ndizi na samaki, wana misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na mlangoni pa msikiti pana kisima ambapo mtu hutawadha na kuosha miguu kabla ya kuingia. Mtoto anayetia udhu kwenye birika kila siku anaelewa hapo hapo. Wareno walikuja wakauchoma mji mwaka 1505, wakarudi tena 1528, na bado ilibidi wajenge ngome ya kuta nene namna ile. Kama hapakuwa na watu, kuta zile walimjengea nani?

Kwa mtoto mkubwa, simulia habari ya Yusuf bin Hassan. Babake alikuwa mtawala hapa, akauawa kwa njama ya kapteni Mreno. Kijana akapelekwa Goa, akalelewa na Wareno, akabatizwa akaitwa Dom Jerónimo, akarudishwa atawale kwa niaba yao. Mwaka 1631 aliingia Ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akaishika Ngome. Merikebu za kutoka Goa zilikuja kuikomboa zikashindwa, naye akaondoka mwenyewe mwaka uliofuata. Binti yangu aliisikiliza hadithi hiyo amekaa juu ya jiwe, maji ya chupa yamemwagika na hana habari. Habari yenyewe ina damu nyingi. Kwa wa miaka 5 mimi huiruka.

Wadogo wape mchezo wa maneno. Meza, bendera, karata na leso yametoka kwa Wareno. Hata gereza, wataalamu wa lugha hulirudisha kwenye neno la Kireno la kanisa, na Ngomeni palikuwa na kanisa kabla Waingereza hawajapafanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Mwanangu alishinda siku nzima akiuliza kila neno limetoka wapi. Jiandae kwa hilo.

Mkitoka, ingieni Ndia Kuu kwa miguu. Gari halina faida hapo, vichochoro ni vyembamba na kivuli chake ndiyo raha yenyewe. Watazame milango ya kuchonga na roshani, kisha uwapeleke Msikiti wa Mandhry, uliojengwa 1570. Waache wapige hesabu wenyewe waone kipi kilitangulia, msikiti au Ngome. Mkifika Bandari ya Kale waeleze jinsi majahazi yalivyokuwa yakija na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba, na kurejea kwa kusi. Uliza kabla ya kupiga picha bandarini, na usipige watu mlangoni kwao. Ni majirani zetu wale. Ijumaa epuka saa sita hadi saa nane, vichochoro hujaa watu wanaokwenda msikitini.

Adhuhuri swalini, mle. Wali wa nazi na samaki wa kupaka, au pilau, na maji ya ukwaju. Halafu wapumzishe, hata ikiwa ni kwa jamaa aliye karibu. Nilipolazimisha kuendelea, mpwa wangu alilala begani nikambeba hadi saa kumi.

Baada ya Alasiri panda tuktuk mwende Mama Ngina. Pale mibuyu ni mikubwa kuliko nyumba na meli za mizigo zinazoingia Kilindini hupita karibu hivi kwamba mtoto huhesabu kontena. Muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu, kachiri, dafu, na siku imetosha. Wakitaka feri ya Likoni, waendao kwa miguu hawalipi, lakini ivukeni kama saa tisa, kabla ya msongamano wa watu wanaotoka kazini. Haller Park usiiunganishe na siku hii. Iko Bamburi, ng'ambo ya Nyali, nayo inataka siku yake.

Mara ya tatu nilimchukua shangazi yangu, mzaliwa wa Kibokoni, aliyepita miaka 75. Ngomeni hakutaka kupanda. Alisema utotoni walikuwa wakitishwa nayo, ukikosa adabu utapelekwa ndani kwa wafungwa. Lakini vichochoroni alisimama kila mlango: hapa alikaa fulani, hapa palisomwa chuo, mlango wa hapa umeng'olewa ukauzwa, huu uliopo ni wa juzi tu. Watoto wakamfuata kimya. Nyumba tatu hakuzitambua kabisa, akarudi nyuma, akazitazama tena.

Ukiwa na mzee kama huyo, mtembezaji wa kulipwa humhitaji. Zidisha saa moja kwenye mpango wako na ubebe kigoda, maana pa kukaa hakuna mpaka ufike bandarini.