Almasi ya Paa: Posa na Mahari katika Hadithi ya Sultani Darai

Miongoni mwa hadithi ambazo Edward Steere alizikusanya Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, ile ya Sultani Darai husomeka kwa wepesi kama funzo juu ya utovu wa shukrani. Usomaji huo ni sahihi, lakini unaacha swali moja la kihistoria: almasi ambayo paa anampelekea sultani akimposea bwana wake ni malipo ya nini?

Katika sheria ya Kiislamu, mahari ni haki ya mke mwenyewe (An-Nisaa, aya ya 4). Desturi ya pwani iliwatengea wazazi vyao: kilemba cha baba na mkaja wa mama. Hadithi haifuati mgawanyo huo. Paa anamkabidhi baba almasi na kuomba radhi kwa uchache wake. Baba anaridhika hata kusema mkwe aje ingawa mikono mitupu. Binti haulizwi, wala hakitajwi kilicho chake. Kwa sura ya nje, hii ni bei ya mke.

Mwisho wa hadithi unaitia shaka sura hiyo. Mume, ambaye zamani alikuwa maskini wa kuchakura jaani, anamdharau paa katika ugonjwa wake hadi paa anakufa. Usiku mke anaota yuko kwa baba yake, na kunapokucha yuko huko kweli. Mume anaamkia jaani. Ndoa imevunjika bila talaka, na almasi haidaiwi na mtu. Mume hana la kudai, kwani mali na maneno ya posa vyote vilitoka kwa mshenga wake. Alichokinunua yeye ni paa, kwa thumni.

Hadithi ya paka ya Charles Perrault (1697) ina muundo unaofanana: mnyama anampelekea mfalme zawadi kwa jina la bwana fukara, na bwana huyo anamwoa binti mfalme. Huko, hata hivyo, paka anaishia kuwa mtu mkubwa, na ndoa inadumu. Msimulizi wa Unguja anaifanya ndoa itegemee wajibu kwa aliyeposa. Kwa hiyo, kuichukua almasi kuwa ushahidi wa ununuzi wa mke ni kuisoma nusu ya kwanza ya hadithi pekee.